Nyuzi Hamsini na Nane

Karakanani, 2 Februari

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona barua. Simu yangu iliingia kwenye pipa la maziwa Alhamisi, na nilipoitoa ilikuwa imeshiba. Wewe nawe mchana kutwa uko maabara, ambako simu zinafungiwa kabatini, na jioni mtandao wa huku ni wa kubahatisha. Dereva wa lori la mitungi ya gesi anapita hospitalini kwenu kila Jumatano na Jumapili, akija na akirudi, na amekubali kuwa posta yetu. Ana maneno mengi, lakini ni mwaminifu.

Nakuandikia kwa sababu maziwa yamegoma.

Tangu mwaka uanze, mapipa manne hayajaganda. Kazi yetu unaijua: maziwa yakiwa vuguvugu Baba anatia dawa ya kugandishia, tunafunika, tunasubiri dakika arobaini, kisha nachomeka kisu. Mgando ukipasuka mstari mmoja safi, tunaukata na jibini imeanza. Sasa nachomeka kisu kinatoka kama nimekichovya kwenye uji. Nasubiri saa moja, saa mbili, bado uji. Pipa la juzi tumewapa ndama.

Kinachonichanganya ni kwamba si kila siku. Jumatatu linaganda vizuri, Jumanne linagoma, Ijumaa linaganda tena. Kama lingegoma moja kwa moja ningejua pa kushika. Baba kwanza alisema ni hali ya hewa, halafu ikawa ndoo, na juzi ikawa mimi.

Nikuambie ukweli ambao yeye sijamwambia. Mambo yasipotengemaa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu, nitafunga. Kiwanda cha sabuni wananitaka, mimi nitapata pa kushika. Wasiwasi wangu ni Baba. Tangu Mama atangulie, pipa hili ndilo linalomwamsha asubuhi. Likiondoka, sijui ataamkia nini.

Wewe kazi yako ni kupima vitu. Nipimie na hili.

Dada yako


Maabara ya hospitali, 5 Februari

Shikamoo Dada,

Barua imefika. Dereva alinisimulia yote kabla sijaifungua, kwa hiyo nadhani ulimsomea.

Tuanze na hiyo tunayoiita dawa. Si dawa, ni kimeng'enya. Asili yake ni tumbo la ndama, ambako kazi yake ni hiyo hiyo ya kugandisha maziwa ya mama yake ili yasipite mbio tumboni. Vimeng'enya vimejaa katika kila seli ya kila kiumbe, maelfu kwa maelfu, kila kimoja na kazi yake moja tu. Kuna kimoja mdomoni mwako kinachokatakata wanga wa mkate, lakini ukikipa nyama hakiijui. Hiki chetu kina kishimo mwilini mwake, na kuna sehemu moja tu ya protini ya maziwa inayoenea humo. Ikiingia, kinakata, kinaachia, kinashika nyingine. Punje za maziwa zina vinywele kwa nje vinavyozizuia kugusana. Kimeng'enya kikizinyoa, zinashikana, na huo ndio mgando wako.

Chenyewe hakipungui. Kinamaliza kazi kikiwa kilivyoanza, ndiyo maana kijiko kimoja kinatosha pipa zima. Mwalimu wetu alikuwa akisema ni kama mshenga: anawakutanisha watu ambao wenyewe wangekutana baada ya miaka mia, ndoa ikifungwa anachukua kofia yake na kwenda nyumba nyingine. Hawezi kuleta jambo lisilowezekana. Anachofanya ni kuupunguza mlima wa kupanda, basi.

Kwa hiyo pipa likigoma, ama kimeng'enya kimeumia, ama maziwa yenyewe hayako sawa. Mimi naanza na maziwa. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele maziwa yake huganda kwa shida. Muulize Bi Madumu kama kuna ng'ombe wake aliyeugua. Muulize kwa upole. Nasema kwa upole, Dada, kwa sababu nakujua. Ametuletea maziwa miaka ishirini, madumu mawili kwenye baiskeli, mvua na jua, na mimi mwenyewe nimekua kwa maziwa yake.

Halafu niandikie hatua zenu zote, moja moja, usiruke kitu. Na Baba anaendeleaje kiafya?

Mdogo wako


Karakanani, 9 Februari

Mtu wa Chupa, mwanangu,

Marahaba. Dada yako amenisomea barua yako na nimecheka. Washenga wote niliowajua mimi walikula wakashiba, na mmoja aliondoka na sufuria. Tena kama kazi ya huyu wenu ni kukata, basi si mshenga, ni hakimu wa talaka. Mwalimu wako arudi shule.

Naona mnahangaika. Msihangaike. Nimekuwa nikitia dawa kwenye maziwa tangu wewe hujajua kutambaa, na sikuwa na kitabu. Mkono unajua. Kilichobadilika ni maziwa. Zamani ukiyamwaga yalikuwa na uzito wake, siku hizi ng'ombe wanalishwa makapi, na sijui Bi Madumu anawapa nini wale wa kwake. Sisemi neno baya juu yake. Nasema maziwa tu.

Umeuliza afya. Mimi mzima kabisa. Nakunywa maji mengi, mtungi unaisha kabla ya adhuhuri. Nimepungua kitambi, suruali zimenikubali tena. Na miguu ni ya kijana, nasimama kutwa nzima na hainiumi hata kidogo.

Dada yako anafikiria kufunga karakana. Hajaniambia, lakini nilimsikia akimwambia dereva, na dereva akaniambia. Mwombe asubiri. Nimemwona jirani yetu fundi saa, watoto wake walimpenda wakamtoa kwenye meza yake, wakamkalisha sebuleni kwenye kiti kizuri. Sasa anaangalia mlango tu. Mimi sitaki kiti.

Baba yako


Karakanani, 12 Februari

Mdogo wangu,

Nimeharibu.

Nilikwenda kwa Bi Madumu kwa upole kama ulivyosema, na upole wenyewe ulinifikisha getini. Nilipouliza habari ya viwele, aliweka ndoo chini.

"Kwa hiyo baada ya miaka ishirini maziwa yangu yana ugonjwa?"

"Sijasema hivyo, Bi Madumu."

"Hujasema, umeangalia."

Akanishika mkono mpaka bandani. Akakamua kila ng'ombe mbele yangu kwenye kitambaa cheusi, nione kama kuna mabonge au damu. Hakuna. Wote saba, maziwa safi. Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi akaenda zake. Mimi nikasema labda ni siku nyingine, siku ambazo hayupo mtu wa kuangalia.

Jumatatu alikuja kuchukua madumu yake matupu. Baba alikuwa anafuta meza. Akamwuliza, "Jirani, na wewe unaamini hivi?" Baba hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi sijui, mama. Maziwa ndiyo yanayosema." Bi Madumu alisimama kidogo, kama anangoja aongeze neno, kisha akaondoka.

Jana nimenunua maziwa kituo cha kukusanyia, yamepimwa, yana hata karatasi yake. Leo yamegoma kama yale yale. Kwa hiyo hakuwa yeye. Nimemfukuza mtu bure, mtu aliyenibeba mgongoni siku ya msiba wa Mama, na sijui nitaingilia wapi kumwomba radhi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hatua ulizotaka ni hizi. Nachuja maziwa kwa kitambaa mara mbili. Napasha taratibu mpaka nyuzi thelathini na tatu, kwa kipimajoto, nazima moto. Natia chachu, nasubiri nusu saa. Baba anatia dawa. Nakoroga dakika moja, nafunika, dakika arobaini. Hakuna nilichobadilisha.

Dada yako


Maabara, 16 Februari

Shikamoo Dada,

Lawama ya Bi Madumu tugawane, maana aliyekutuma ni mimi. Nilikisia kwa mbali nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Orodha yako nimeisoma mara tatu. Kila hatua ina nyuzi au dakika, isipokuwa moja: "Baba anatia dawa." Anaitiaje? Nakumbuka kikombe cha bati na birika, basi. Nilikuwa mtoto, nilikuwa naangalia jibini ya jana.

Nakuuliza kwa sababu hii. Kimeng'enya ni uzi mrefu wa protini uliokunjwa kwa ustadi mkubwa, na kile kishimo chake kinatokana na mikunjo hiyo. Uvuguvugu unakichangamsha. Joto likizidi, mikunjo inafumuka, kishimo kinapotea, na ukikipoza hakirudi tena, sawa na yai lililoiva, ambalo huwezi kulifanya bichi tena. Ubaya ni kwamba dawa iliyoungua haibadiliki sura. Rangi ile ile, harufu ile ile. Hakuna atakayeigundua isipokuwa maziwa.

Fanya jaribio. Baba akiwa ametoka, chukua vikombe vitatu vya maziwa ya vuguvugu. Cha kwanza tia dawa uliyoichanganya na maji ya baridi yaliyochemshwa jana. Cha pili, dawa ya maji ya moto ya birika. Cha tatu usitie kitu. Halafu siku nyingine, Baba akichanganya dawa yake kama kawaida, pima joto la maji ya kikombe chake. Usimwambie ni kwa nini. Ana moyo wake kuhusu kikombe kile.

Mdogo wako


Karakanani, 19 Februari, asubuhi

Mdogo wangu,

Kikombe cha kwanza kiliganda nikageuza juu chini hakikumwagika. Cha pili uji. Cha tatu maziwa. Kwa hiyo dawa ni nzima, na maziwa ni mazima.

Kuhusu Baba. Anachofanya ni hivi, na sikukuandikia kwa sababu nimekiona kila siku ya maisha yangu mpaka nimeacha kukiona. Anachemsha birika, anamimina kikombeni, anayaacha yapoe, kisha anatumbukiza kidole cha shahada na kuhesabu mpaka kumi. Kidole kikistahimili kumi bila kusikia moto, maji yamefaa. Anatia dawa, anakoroga, anamimina kwenye pipa. Ndivyo alivyofanya miaka arobaini, na miaka arobaini pipa liliganda.

Leo nilimngoja. Alipotumbukiza kidole nikasogea na kipimajoto, kama mtu anayechezea tu, nikakitia pembeni ya kidole chake. Alikuwa anahesabu kwa utulivu wake ule ule. Nyuzi hamsini na nane. Nikadhani kipimajoto kimeharibika, nikagusa ukingo wa kikombe nikaondoa mkono upesi. Yeye alifika kumi. Kidole kilitoka chekundu mpaka kiungo cha kwanza, akakifuta kwenye aproni, akasema, "Haya, yamefaa."

Nilimwomba anisaidie kubeba ndoo, na alipogeuka nikamwaga dawa ile nikachanganya nyingine kwa maji baridi. Pipa limeganda. Nilipochomeka kisu nikakuta machozi yananitoka, na sijui nalilia nini, maana tatizo tumelipata.

Mtu anazoea moto kiasi hicho? Ni ngozi ya kazi?

Dada yako


Maabara, 19 Februari, alasiri

Dada,

Nimemshika dereva hapa getini na amekubali kugeuza leo hii. Nimepiga simu ya duka la jirani mara sita, haipatikani.

Si ngozi ya kazi. Wanakuja hapa kila siku watu ambao sukari imekaa kwenye damu yao miaka mingi bila tiba. Sukari hiyo inaua hisia. Lakini haianzi na vidole vya mikono. Inaanza na nyayo. Ikifika mikononi, miguu ilishaaga zamani. Baba aliniandikia kwa fahari kwamba miguu haimuumi hata kidogo, kwamba anamaliza mtungi wa maji kabla ya adhuhuri, na kwamba suruali zimemkubali. Niliisoma barua hiyo nikacheka habari ya hakimu wa talaka, nikaikunja, nikarudi kwenye meza yangu kupima sukari ya watu nisiowajua.

Mvue viatu. Mvue na soksi, hata akikataa, hata akikasirika. Angalia nyayo, angalia kati ya vidole. Ukiona kidonda, hata kama hakimuumi, hasa kama hakimuumi, panda naye lori hili hili mje. Dereva atawangoja.

Mdogo wako


Karakanani, 2 Machi

Baba, shikamoo.

Nilirudi salama wiki iliyopita na nimefua nguo zako. Soksi ya kushoto imekataa kutakata. Uliniambia ile harufu ni maji ya jibini, nami nikaamini, kwa sababu kwetu kila kitu kinanuka maji ya jibini. Najilaumu kwa hilo, na wewe nakulaumu pia, nakwambia waziwazi ili nisiwe natabasamu nikija kukuona na moyoni nina kinyongo.

Kwenye lori nilikuuliza swali moja na ukaangalia dirishani. Nakuuliza tena kwa karatasi, labda karatasi haina macho. Ulijua tangu lini? Ulikuwa ukitufundisha wewe mwenyewe kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mama alipouficha uvimbe wake ulimgombeza wiki nzima, halafu ukajifungia chooni ukalia, na sisi tulisikia.

Mapipa yote ya wiki hii yameganda. Natumia maji ya baridi na kijiko, inachukua dakika moja. Nimewaambia wa kiwanda cha sabuni kwamba siji. Usinielewe vibaya, sijafanya hivyo ili nikutoe. Pipa ni lako, ukirudi utalisimamia, nitakuwekea kigoda ukae na kipimajoto mkononi. Kama ulinificha kwa kuogopa kwamba nitakukalisha sebuleni, basi hunijui, na hilo limeniuma kuliko kidonda chako.

Kwa Bi Madumu nimekwenda mara mbili. Nimemwomba radhi. Ananifungulia, ananipa kiti, ananiuliza hali yako, halafu hazungumzi tena. Sijamwambia chanzo cha yote, maana naona chanzo ni chako wewe kukisema.

Binti yako


Wodini, 5 Machi

Shikamoo Dada,

Baba anaendelea vizuri. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekwenda, kama dereva alivyokwambia, kile kidogo na jirani yake, lakini mguu umebaki, na kidonda kinafunga. Amewaambia wauguzi kwamba alikuwa na vidole vingi kuliko alivyohitaji. Asubuhi anawafundisha jinsi ya kutambua jibini mbovu kwa kuigonga.

Sijakwambia kuhusu siku mliyofika. Mwenzangu wa maabara alitaka kumpima Baba badala yangu, nikakataa. Kile kikaratasi cha kupimia sukari kina kimeng'enya ndani yake, kinachoijua sukari moja tu. Damu ina mamia ya vitu, chenyewe kinachagua hiyo moja, kinaibadilisha, na mashine inasoma. Nimechovya vikaratasi hivyo maelfu. Nilipomtoboa Baba kidole aliendelea kunisimulia habari ya barabara, hakukatisha hata neno. Hakusikia sindano. Ilisoma ishirini na sita, na mtu mwenye afya akiamka asubuhi hafiki sita. Niliingia stoo ya chupa nikakaa kwenye boksi.

Jana ameniuliza kama vimeng'enya vyake mwenyewe vimeungua kama vya kikombeni. Nimemwambia hapana. Vya kwake ni vizima, seli zake zimejaa navyo, vinasubiri sukari iingie viichanechane iwe nguvu. Tatizo ni mlangoni: sukari imerundikana nje kwenye damu na haivifikii. Dawa anazopewa sasa ni za kufungua mlango. Akasema, "Kwa hiyo wafanyakazi wapo kazini, ila mwenye nyumba hakufungua." Nikamwambia ndiyo hivyo.

Barua yako ameisoma mara mbili. Ameomba karatasi, na nilipotaka kumwandikia amenifukuza kitandani.

Mdogo wako


Wodini, 9 Machi

Jirani, Bi Madumu,

Salamu nyingi. Mwandiko ni mbaya, vidole havishiki kalamu sawasawa, lakini haya ni ya kuandika kwa mkono wangu.

Maziwa yako hayakuwa na kosa. Siku moja ya mwezi wa kwanza nilitoa kidole kwenye kikombe nikaona ngozi imeinuka lengelenge, nami sikuwa nimesikia kitu. Nilijua papo hapo. Habari za vimeng'enya nilikuwa sijui, lakini maji yaliyonibabua mimi bila shaka yamebabua na dawa. Nikafunga plasta, nikamwambia binti yangu ni kisu. Tangu siku hiyo nikawa nakisia, siku nyingine napatia, siku nyingine nakosa, na kidole nakitumbukiza ili anione nakitumbukiza. Kipimajoto kilikuwa kinaning'inia hatua tatu kutoka kwangu. Ningekichukua angeuliza kwa nini, na ningesema mkono wangu umekufa, na mtu wa kazi yangu akishasema hivyo anaonyeshwa kiti.

Ulipokuja kuchukua madumu ukaniuliza kama na mimi naamini, nilikuwa na la kukujibu. Nikafuta meza. Miaka ishirini hujawahi kututia hata tone la maji kwenye maziwa, nami nilikutwika ugonjwa wangu nikakuacha uende nao nyumbani. Binti yangu amekuomba radhi kwa kosa ambalo nililijua na yeye hakulijua. Mwenye kosa ni mimi. Naona aibu na naomba radhi.

Vidole viwili vya mguu wameviondoa tarehe ishirini na nne. Daktari anasema ningewahi wiki mbili nyuma vingebaki. Hilo silaumu mtu, ni kichwa changu kigumu. Binti ameniandikia kwamba pipa bado ni langu. Nikirudi ningependa liwe na maziwa yako, lakini uamuzi ni wako, na ukikataa sitakuona mbaya.

Mzee wa Jibini


Kwangu, 12 Machi

Mzee wa Jibini,

Barua nimeipata. Mimi si mtu wa kuandika, kwa hiyo nitasema kwa mkato.

Msamaha umepata. Ila usiwe na haraka ya kushukuru.

Siku ile nilipochukua madumu yangu, nilisahau kifuniko kimoja. Ulinifuata nacho mpaka barabarani. Kandambili ya kushoto ilikuwa imekuvuka, imebaki pale mlangoni, na hukujua. Ulitembea juu ya kokoto na vigae kwa mguu mtupu kama mtu anayetembea kwenye zulia. Ulikanyaga kipande cha chupa. Nilikiona kabla hujakikanyaga, na nilikiona kimeganda unyayoni ulipoinua mguu. Hukukunja hata uso. Ulinipa kifuniko, ukasema safari njema, ukarudi, na kila hatua ya kushoto iliacha damu.

Mama yangu alikufa na ugonjwa huo. Alianza hivyo hivyo, na kandambili. Nilijua ninachokiona kuliko wewe ulivyojua. Ilikuwa neno moja tu nikuite, "Jirani, angalia mguu wako." Lakini ulikuwa umetoka kunivunjia heshima mbele ya mwanao, nikasema moyoni, na ajionee mwenyewe. Nikapanda baiskeli.

Umeandika daktari anasema wiki mbili. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, nikarudia kuhesabu. Kuanzia siku ile ya kifuniko mpaka tarehe ishirini na nne ni siku kumi na nne.

Binti yako anakuja hapa kuniomba radhi, nami nampa kiti nashindwa kumtazama. Alidhani bado nina hasira. Mwambie sina.

Jumatatu naleta maziwa, madumu mawili, kama zamani. Na wewe ukitoka hospitali, usipitilize nyumbani. Mwambie dereva asimame kwangu kwanza, nikuombe radhi nikiwa nakuangalia.

Bi Madumu